Barua Pepe ya Maneno Mawili

Miguu yangu haijawahi kutulia. Hata sasa ninapoandika, goti la kulia linagongagonga meza kwa chini, na jirani wa chumba cha pili amekwisha kubisha ukutani mara moja. Mama yangu mzazi alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimechelewa mahali, na tangu hapo nakimbia kuwahi. Ndiyo maana wanaonifahamu hucheka wakisikia kwamba kwa miaka kadhaa, vita vikiwa vimeikaba Bujumbura, mimi ndiye niliyewaunganisha watu ambao dini yao ilikuwa kukaa kimya bila hata kujikuna.

Kukaa. Hilo ndilo lilikuwa neno letu. Aliyelianzisha alikuwa mtaalamu wa mpunga kutoka Vietnam, aliyeletwa kabla ya vita kuwafundisha wakulima wa Buterere kupanda miche kwa mistari. Alijua Kifaransa cha shule za zamani na Kiswahili cha kuokoteza mashambani. Tulipomuuliza anafanya nini kila asubuhi, amekunja miguu barazani, macho yamefumba nusu, alitafuta neno, akalikosa, akasema, "Mi nakaa." Likabaki hivyo hivyo. Hatukusema tunatafakari wala tunaabudu, tulisema tunakaa, na wenyewe tukajiita wakaaji. Ukikutana na mwenzako sokoni ukamuuliza "Unakaa?", hukuwa unamuuliza nyumba yake iko wapi.

Tulikuwa watano tu ambao hatukutoroka baada ya Jumapili ya kwanza ya kukaa pamoja. Kulikuwa na mtaalamu mwenyewe. Kulikuwa na mpishi wake, mtu wa Uvira, aliyeanza kukaa kwa sababu bosi wake anakaa, halafu akanogewa kuliko bosi. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu wa Ngagara, ambaye sebule yake ilikuwa ndiyo hekalu letu, kwa vile viti vyake aliviazimisha msibani na havikurudi. Kulikuwa na mama mmoja wa Mutakura, mjane, fundi cherehani, aliyetushonea mito ya kukalia kutokana na viroba vya mchele na kuijaza pumba. Sote tulimwita Mama. Na kulikuwa na mimi, binti wa Buyenzi, wa nyumba ya Kiislamu tangu mji ukiitwa Usumbura. Nilikuwa nampigia mtaalamu ripoti zake kwa taipu, nikaingia kwa udadisi. Mama yangu mzazi aliniuliza, "Muko munaabudu nini kule?" Nikamwambia hatuabudu kitu, tunakaa tu. Akasema hata hapa nyumbani mikeka iko. Ramadhani niliendelea kufunga kama kawaida, na hakuuliza tena.

Katika yote aliyotufundisha mtaalamu, moja liligeuka kuwa desturi yetu kabisa. Mtu akiulizwa neno zito asijibu papo hapo. Aseme "nakaa", aende akae nalo siku tatu, ndipo alete jibu. Mwalimu alilitumia vibaya. Ukimwomba baiskeli, anakwambia "nakaa", na siku tatu zikipita na wewe umekwisha kufika kwa miguu. Mama alilichukulia kwa uzito. Mfanyabiashara mmoja mwenye duka la vitambaa alimposa, naye akamwambia yule bwana wa watu "nakaa", akakaa siku tatu, akarudi na jibu la "apana". Bwana yule alidhani ule "nakaa" wa kwanza ulikuwa ndiyo, na alishanunua mbuzi.

Halafu vita vikaja. Sitavisimulia. Waliokuwepo wanajua, na ambaye hakuwepo sina maneno ya kumtosha. Nitasema tu kwamba mitaa iligawanyika, huu wa hawa na ule wa wale. Kutoka Mutakura hadi Ngagara ni mwendo wa kujinyoosha miguu, lakini kulikuwa na miezi ambayo Mama hangeweza kuutembea na kurudi salama. Mtaalamu alipandishwa ndege na ofisi yake akiwa amevaa kandambili. Mpishi alirudi kwao Uvira, vita vikamfuata huko, akaishia kambini upande wa Kigoma. Mwalimu alikwenda Ubelgiji kwa binamu yake. Watu wakisikia jamii iliyotawanyika hufikiria bahari na mabara, lakini sisi tulianza kutawanyika ndani ya mji mmoja, kati ya mtaa na mtaa, kabla hata mtu hajapanda gari.

Siku moja kwenye kizuizi cha barabarani askari alipekua mkoba wangu, akatoa picha ya Budha niliyoachiwa na mtaalamu. Akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia. Akauliza, "Iko chama gani?" Nikasema hana chama. Aliitazama picha, akanitazama mimi, akasema, "Dada, kila mutu iko na chama," akaiweka mfukoni mwake. Nilitembea mpaka nyumbani nimekasirika, wala si kwa ajili ya picha. Nilikasirika kwa sababu katika mji ule jibu lake lilikuwa na akili kuliko langu.

Miaka ikapita bila habari za mtu yeyote. Mimi nilikuwa nimepata kazi katika duka la katikati ya mji, karibu na soko kuu, la kupigisha barua na kutoa fotokopi. Mwenye duka akaleta kompyuta tatu na laini ya simu, akaandika mlangoni kwamba sasa kuna intaneti. Sisi tulipaita siber. Mashine zilichukua muda kuunganika, zikikoroma na kupiga miluzi, na umeme ukikatika unaanza upya. Mimi nisiyeweza kungoja chai ipoe nililipwa kungoja hilo kutwa nzima.

Mtaalamu aliniandikia kwanza barua ya kawaida, ya stempu, na chini ya sahihi kulikuwa na anwani ya barua pepe. Nilimjibu siku hiyo hiyo. Kupitia kwake nikampata mwalimu. Mpishi nilimpata kupitia mtu aliyekuwa akivuka ziwa na biashara ya vitenge. Nilimfungulia anwani mwenyewe, nikamtumia neno la siri kwenye kikaratasi, naye mara moja kwa mwezi alitembea hadi Kigoma mjini kusoma barua. Mama hakuwa na kompyuta, wala hakusoma Kifaransa ambacho mtaalamu na mwalimu waliandikia. Kwa hiyo nikawa macho yake na mikono yake. Kila Alhamisi nilichapisha barua zote, nikapanda basi la Mutakura, nikamtafsiria, naye akanipa majibu. Yalikuwa mafupi. "Uwambie mvua ilinyesha. Uwambie mi nakaa." Mpishi ndiye aliyenibatiza jina la Posta.

Kila mwezi ukipevuka nilituma ujumbe wa maneno mawili kwa wote: "Nani anakaa?" Tulikuwa tumekubaliana kukaa saa ile ile, kila mtu alipo. Ikiwa saa moja asubuhi Bujumbura, Kigoma ni saa mbili, Ubelgiji wakati wa baridi bado ni kumi na mbili, na kule Vietnam ni jua la utosini. Niliwapigia hesabu hizo mwenyewe na kuwatumia. Majibu yalikuja moja moja: Nakaa. Nakaa. Nakaa. Mwalimu aliandika kwamba katika mwezi mzima ile ndiyo ilikuwa saa pekee asiyojiona yuko peke yake Ulaya.

Na mimi? Nilifungua duka mapema, nikakaa kwenye kiti mbele ya kompyuta, nikabonyeza kuona kama kuna jibu jipya. Nikabonyeza tena. Niliwauliza wenzangu kama wanakaa, na katika miaka ile yote sidhani kama mimi mwenyewe nilikaa dakika kumi zilizonyooka. Nilikuwa najidanganya kwamba kazi ya posta ndiyo kukaa kwangu.

Ukweli ni kwamba nilitaka kuondoka. Nilikuwa nimechoka na milio ya bunduki kutoka milimani, nimechoka kupanga siku yangu kwa kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje usiku, nimechoka kusikia watu wakisema "tumezoea". Nilijaza fomu za masomo za kila nchi ambayo ukurasa wake ulikubali kufunguka. Ndege ikipaa nilitoka dukani kuitazama, wateja wakaniita nisisikie. Sikumwambia mtu. Mtu anayebeba barua za wenzake haulizwi za kwake.

Mwaka mmoja makombora yalianza kuanguka hata mahali ambapo watu walidhani pako salama. Moja liliangukia jiko la jirani yake Mama, kwa bahati halikuwa na mtu. Bati la Mama likatoboka kama chujio la chai. Aliweka mabeseni sakafuni, akasogeza cherehani pale pasipovuja, akaendelea kushona sare za shule.

Jumatano moja ikaja barua ya mtaalamu, ndefu kuliko zote. Alikuwa amestaafu, anaishi karibu na hekalu dogo kijijini kwao. Wenye hekalu walikuwa wamekubali kumpokea mkaaji mmoja kutoka Bujumbura kwa mwaka mzima, chakula na malazi, na yeye na mwalimu wangechangia tiketi. Nafasi ni moja. Aliandika: "Mama kwanza, yeye ndiye mkubwa wetu na ndiye aliyeumia. Kama hataki, basi wewe, Posta wetu. Nijibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu siku hiyo barua za mwaliko zinaandikwa."

Niliisoma mara tano. Najua ni tano kwa sababu mwenye duka aliniuliza kama kuna msiba. Na kila mara macho yalitua palepale, kwenye "kama hataki".

Kesho yake nilikwenda Mutakura. Mama alikuwa kwenye cherehani, ana pini mdomoni. Nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kumtafsiria. Habari za hekalu, kijiji, mwaka mzima, tiketi. Nilitafsiri vizuri, sijawahi kutafsiri vizuri vile. Nikafika "Mama kwanza", nikasimama hapo. Mstari wa "kama hataki" sikuusoma, wala ule wa Jumamosi. Nilijiambia nitaisoma nikishaona uso wake.

Mama aliondoa mguu kwenye pedali, akaweka kiganja juu ya gurudumu ili lisiendelee kuzunguka. Akatoa pini moja moja mdomoni, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Kule watu wanakaa wengi?" akauliza.

"Wengi, Mama. Asubuhi na jioni."

"Pamoja? Mu nyumba moja?"

"Pamoja."

Nilimwona anajaribu kuipata picha hiyo, watu wengi ndani ya chumba kimoja, hakuna anayesikiliza mlango. Miaka karibu kumi alikuwa amekaa peke yake, mgongo ukutani, mbali na dirisha. Halafu upande wa mlimani pakasikika bunduki, mara mbili, kisha mfululizo. Kwenye kisoko cha barabarani wanawake wakaanza kufunga mizigo, na mtu akapita mbio akiita watoto wake. Mama akasimama, akanishika bega kunielekeza mlangoni.

"Uwambie mi nakaa," akasema. "Na we uende, mutoto wangu, basi zitaisha."

Nikaenda.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo watu waliponitetea baadaye, na mimi sikubali kutetewa. Kiswahili chetu kina neno la mtu asiyetaka kuondoka. Mtu wa Bujumbura akikataa kuhama husema "nabaki". Tulilisikia kila siku miaka ile: jirani anafunga virago, mwingine anasema mimi nabaki. "Nakaa" ni neno jingine. Ni kweli linaweza kumaanisha naishi hapa, naendelea kuwa hapa, na mtu wa nje angeweza kuteleza. Mimi sikuwa mtu wa nje. Nilikuwa mmoja wa watu watano duniani ambao wakiambiwa "nakaa" baada ya swali zito, walijua maana yake ni nipe siku tatu.

Ijumaa njia ya Mutakura ilikuwa wazi. Nilimuuliza kondakta mwenyewe asubuhi, akasema hakuna shida. Ningeweza kwenda na kurudi kabla ya adhuhuri, nikamwambia Mama siku tatu hatuna, tuna leo tu. Badala yake nilichapa barua ya mtu ya kuomba kazi, nikabadilisha wino wa mashine, nikagombana na mteja kuhusu fotokopi iliyofifia. Saa kumi na moja mwenye duka akaanza kushusha mlango wa chuma nusu. Taa zikawa zinapepesa. Nikafungua barua ya mtaalamu, nikabonyeza kujibu, nikaandika kwa Kifaransa: "Elle reste." Anabaki. Maneno mawili tu, mimi ambaye barua zangu zilikuwa na kurasa. Nikatuma, nikazima mashine, nikaenda nyumbani.

Majibu yalianza Jumapili. Mtaalamu aliandika kwamba amehuzunika lakini anamheshimu Mama, na kwamba barua ya mwaliko imeandikwa kwa jina langu. Mwalimu aliandika aya nzima ya kumsifu. Alisema sisi wengine tulikimbia na Mama peke yake amekuwa na ujasiri wa kubaki katika nyumba yenye matundu. Mpishi akaandika kutoka Kigoma: "Mama yetu hana boga." Alitaka kuandika woga. Kwa juma zima walimsifu kwa jambo ambalo hakulisema. Zile barua sikuzichapisha.

Alhamisi iliyofuata sikwenda Mutakura. Nyumbani nilisema kuna risasi. Iliyofuata nilisema nina homa, na kweli nikapata homa. Barua ya mwaliko ikaja, halafu tiketi, na mwenye duka akanipongeza kwa soda. Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa siwezi kula wali wa nyumbani kwetu mpaka mwisho wa sahani, na nilimfokea kila mtu, hata mteja kiziwi aliyekuja kupigisha barua kwa ishara. Mama yangu mzazi aliniambia nimekuwa mtu wa kuruka kila mlango unapogongwa.

Alhamisi ya nne nikajikaza. Nilijiambia nakwenda kumuaga, nimweleze kwamba nafasi imeniangukia mimi, basi. Barua ilikuwa mkobani, imekunjwa mara tatu.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni pengo. Pale cherehani ilipokaa miaka yote palikuwa na alama nne za miguu ya chuma sakafuni. Kelele zake nilizisikia, lakini zilitoka barazani kwa jirani, mwanamke kijana mwenye mapacha, aliyekuwa anashona kwa kasi ya mtu mwenye kitu kipya. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka. Pembeni ya mlango kulikuwa na begi la kitambaa alilolishona mwenyewe, limefungwa kwa kamba.

"Karibu, mutoto wangu," akasema. "Walishajibu?"

Akaendelea mwenyewe, kwa ile sauti yake isiyo na haraka. "Mi nilikaa siku tatu. Siku ya kwanza nikaona apana, kule mbali, nitakufa kule sijulikane. Siku ya pili nikaona apana tena. Siku ya tatu nikaona mi naenda. Nikakungoja Jumapili, hukuja. Nikasema labda njia iko mubaya, atakuja. Nikaanza kufunga. Mashine nikamupa huyu, ana watoto, kule mi sitashona." Akanitazama. "Ao walinikataa? Mi si mutu wa kusoma, najua."

"Bado hawajajibu, Mama," nikasema.

Nimesema uongo mwingine katika maisha yangu, na mwingi nimekwisha kuusahau. Huo bado nausikia kwa sauti yangu mwenyewe, nyororo, kama ya mtu anayemtuliza mgonjwa. Akanishukuru kwa kuja na hali njia ni mbaya, akanipa mahindi mawili ya kuchoma nimpelekee mama yangu.

Niliporudi mjini sikwenda nyumbani, nilikwenda dukani. Niliandika barua kwa wote. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ina bunduki za mlimani, ina mabasi, ina neno lenye maana mbili. Umeme ukakatika ikapotea, na nadhani ilistahili. Ya pili niliiandika fupi: Mama hakusema anabaki. Alisema anakaa. Nilimwelewa vizuri, na niliandika nilichotaka mimi. Ameshagawa cherehani yake na begi liko mlangoni.

Nikabonyeza kutuma, na kwa mara ya kwanza sikubonyeza tena kuona kama kuna jibu. Niliogopa.

Mwalimu hakujibu, wala siku hiyo wala nyingine. Mpishi aliandika neno moja, "Pole", na sikujua anampa nani. Mtaalamu alichukua siku tatu kamili. Akaandika kwamba jina kwenye mwaliko halibadilishwi, kwamba ataomba nafasi ya Mama mwaka unaofuata, na kwamba hana hakika ataipata. Kuhusu mimi hakuandika lawama hata moja. Aliandika tu: "Kamwambie kwa mdomo wako, si kwa karatasi."

Nikaenda. Begi lilikuwa palepale. Safari hii nilikataa kigoda, nikakaa chini kwenye mkeka mbele yake, nikamwambia yote tangu "kama hataki" hadi "bado hawajajibu". Nikatoa barua ya mwaliko, nikaiweka katikati yetu, nikamwonyesha jina langu, ingawa alikuwa hawezi kulisoma. Wakati wote goti langu lilikuwa linaruka. Mama akalitazama, akanyoosha mkono, akaliwekea kiganja juu, akalishika mpaka likaacha.

"We ulitaka kwenda?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Sana?"

"Sana."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mshono uliokwenda upande, anatafuta ulipoanzia. Hakuwa na hasira, na mimi nilikuwa nimekwenda pale kuitafuta hasira yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Ningeyapokea yote, nikarudi nyumbani mwepesi.

"Juu ya nini hukuniomba?" akasema. "Ungeliniomba, ningelikupa."

Akainuka, akaenda kwa jirani. Kupitia mlangoni nilimwona amesimama mbele ya cherehani yake, anazungumza kwa upole, na yule mwanamke ameinamisha kichwa, mkono mmoja bado uko juu ya kitambaa. Aliporudi aliniambia wamekubaliana. Atashona Jumamosi, na siku nyingine mashine ni ya mwenyewe, kwa sababu kitu ukishampa mtu ni chake. Kisha akaliburuta begi hadi kitandani, akafungua kamba, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzikunjua. Nilitaka kumsaidia. Akaniambia niende, basi zitaisha.

Niliitumia ile barua ya mwaliko. Nilikwenda, nikakaa mwaka mzima katika hekalu lile pamoja na watu wengi ndani ya chumba kimoja, asubuhi na jioni, na hakuna aliyesikiliza mlango. Mwaka uliofuata wenye hekalu hawakualika mtu. Mama hakuondoka Mutakura. Watu huniambia kwamba hata kama ningemtafsiria vizuri, pengine angeniachia nafasi, kwa jinsi alivyo, na matokeo yangekuwa yaleyale. Najua. Ndilo linaloniinua kwenye mto kila ninapojaribu kukaa: kitu alichokuwa tayari kunipa, nilimwibia.